Radi mlimani na mwenzako aliye hatua thelathini nyuma

Kipupwe kinapoingia, vijana wa mtaani kwetu hapa Unguja huanza kuzungumza habari za Kilimanjaro, na kwa kuwa wanajua kwamba nimewahi kupanda, hunifuata barazani baada ya sala ya Isha na maswali yao. Huuliza viatu gani vinafaa, baridi ya usiku wa kileleni inavumilikaje, ugonjwa wa mwinuko huanzaje, mwongozaji na wapagazi hulipwa kiasi gani, na hata kibla hutafutwaje mtu akiwa juu ya mawingu. Yote hayo ni maswali ya maana na huwa nayajibu kwa furaha. Radi haimo kamwe katika orodha yao. Nikiitaja mwenyewe, mmoja wao hunijibu, "Ami, radi ipo kila pahala, hata hapa kwetu inapiga," kisha mazungumzo hurudi kwenye viatu.

Ni kweli kwamba hata kwetu inapiga. Masingini na vilima vya Pemba havifiki mita 150 juu ya bahari, lakini hakuna Mzanzibari asiyeyajua mawingu meusi ya masika na ya vuli. Ngurumo zikianza, wanawake wanaolima mwani upande wa mashariki hutoka kwenye ufukwe uliokauka kwa maji kupwa, wavuvi huelekeza vyombo pwani, na wachumaji wa karafuu huteremka mitini. Wazee husoma aya ya 13 ya Surat Ar-Raad, inayosema kwamba radi inamtakasa Mwenyezi Mungu kwa kumhimidi, na bibi zetu hufunika vioo kwa kanga. Kioo hakiiti radi wala kanga haiizuii, ila desturi hiyo ina faida moja ambayo haisemwi: humwingiza kila mtu ndani ya nyumba. Na akipatikana aliyepigwa, kuna jirani, kuna gari, na kuna hospitali isiyo mbali sana. Mlimani mtu huwa ameviacha vyote hivyo chini, na ndiyo maana nimeona niandike kwa urefu jambo ambalo barazani halipati nafasi yake.

Mlima wenyewe hushiriki kuitengeneza radi. Jua la asubuhi hupasha joto miteremko, hewa yenye unyevu hupanda ikifuata mteremko kana kwamba imewekewa ngazi, hupoa kadiri inavyopanda, na kufikia mchana huwa imegeuka wingu refu lenye matone ya maji, chembe za barafu na punje laini za mvua ya mawe. Vitu hivyo vinapogongana ndani ya wingu, chaji hutengana: sehemu ya juu hubaki na chaji chanya, na ya chini hukusanya chaji hasi kwa wingi. Ardhi iliyo chini ya wingu huitikia kwa chaji ya upande wa pili, na chaji hiyo hujikusanya kwenye kila kilichoinuka na kuchongoka. Hatimaye njia hufunguka, na mkondo ambao kwa kawaida hufikia ampea 30,000 hupita kwa muda mfupi mno, ukiipasha hewa joto la karibu nyuzi 30,000 za selsiasi, takriban mara tano ya joto la uso wa jua. Hewa hiyo hupanuka kwa ghafla, na mpanuko huo ndio ngurumo tunayoisikia. Mtu aliye ufukweni huwa na kilomita moja au zaidi kati yake na tako la wingu. Mtu aliye kwenye mgongo wa mlima huenda akawa na mita mia mbili tu, au akawa ndani ya wingu lenyewe, asione chochote isipokuwa weupe.

Wanaojua milima hupanga siku yao kwa kuzingatia hilo. Wapandaji wa Kilimanjaro huamshwa karibu na saa sita usiku ili waanze safari ya kilele, na vijana hudhani kwamba sababu pekee ni kuona jua likichomoza kutoka mita 5,895. Ipo sababu ya changarawe kuwa zimeganda na hivyo kukanyagika kwa urahisi, na ipo hii nyingine, kwamba kufikia saa tatu au nne asubuhi, mawingu yanapoanza kupanda kutoka kwenye ukanda wa msitu, mpandaji anatakiwa awe amekwisha geuka na yuko njiani kushuka. Anayechelewa kambini kwa saa mbili kwa sababu ya chai na picha huzilipia saa hizo mchana, kwa hali ya hewa asiyoipenda.

Hesabu ya radi ni nyepesi, nayo humpa mtu picha mbaya kuliko anavyotarajia. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kila sekunde tatu kati ya mwanga na ngurumo ni kama kilomita moja. Kanuni iliyoenea duniani husema kwamba sekunde zikiwa chini ya 30, yaani radi ikiwa ndani ya kilomita 10, uko hatarini tayari, na kwamba usitoke mahali pa usalama mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Sasa chukua dhoruba inayosogea kwa kilomita 40 kwa saa, mwendo ambao si wa ajabu kwa dhoruba. Kilomita 10 inazimaliza kwa robo saa. Mtu aliye juu ya mgongo wa mlima, akiwa na pumzi fupi ya mita elfu nne na begi mgongoni, hawezi kufika mahali pa maana kwa robo saa. Zaidi ya hayo, mlima wenyewe unaweza kuikinga ngurumo upande wa pili wa ukingo, na radi inaweza kupiga kilomita kadhaa nje ya mahali mvua inaponyesha, mtu akiwa bado anaona anga ya buluu juu ya kichwa chake. Kwa hiyo ngurumo ya kwanza mlimani haifai kupokewa kama tahadhari ya mapema. Huwa imekwisha chelewa kidogo. Anayeshuka kwa sababu ameona wingu linajijenga kama mnara ndiye anayeshuka kwa wakati.

Hapa nifike kwenye jambo ambalo naona watu wengi hawalijui, na ambalo ukilielewa, mashauri mengine yote hujieleza yenyewe. Tunaiogopa radi kutoka juu, ilhali huumiza watu wengi zaidi kutoka chini. Wanaopigwa moja kwa moja kichwani ni sehemu ndogo sana ya waathirika, watu wachache katika kila mia. Wengine huumizwa na mkondo unaoruka kutoka kwenye mti au mwamba uliopigwa kuja kwa mtu aliye karibu, wengine kwa kushika kitu kilichopigwa, na wengine kwa chaji inayopanda kutoka ardhini kupitia miili yao kuelekea wingu, hata kama radi yenyewe imepiga pengine. Karibu nusu ya waathirika huumizwa na mkondo unaosambaa ardhini kutoka pale radi ilipotua. Mkondo huo haumtafuti mtu. Unapita tu katika ardhi, na volti zake hupungua kadiri unavyokwenda mbali. Mtu akisimama amepanua miguu, mguu mmoja huwa kwenye volti kubwa na mwingine kwenye volti ndogo, na tofauti hiyo husukuma umeme upande mguu mmoja, upite mwilini, na kutokea mguu wa pili. Ndiyo sababu wanyama wenye miguu minne, ambao nafasi kati ya miguu ya mbele na ya nyuma ni kubwa na moyo uko katikati, hufa kwa makundi. Mwezi wa Agosti mwaka 2016, kwenye uwanda wa juu wa Hardangervidda nchini Norway, kulungu wa baridi 323 walikutwa wamekufa pamoja baada ya dhoruba, wakiwa wamejikusanya jinsi wanyama wanavyojikusanya wakiogopa.

Mwamba mkavu haupitishi umeme vizuri, na kwa hiyo, badala ya kuzama, mkondo hutambaa juu ya uso wake, ukifuata utando wa maji ya mvua, mipasuko, mizizi na minyororo. Kwenye milima ya mawe hili ni jambo zito, kwa sababu njia anayopenda kupita mtu ndiyo hiyo hiyo anayopenda kupita umeme: ukingo, ufa wa mwamba, mfereji wa maji, kamba iliyolowa. Tarehe 1 Agosti 1967, wanafunzi 11 wa shule moja ya sekondari ya Matsumoto, Japani, waliuawa na radi wakiwa kwenye mgongo wa mlima Nishihotaka, katika safari ya shule, wamefuatana kwenye ukingo mwembamba kama wanafunzi wanavyofuatana.

Niliwahi kuliona jambo hili kwa karibu, ingawa salama. Uwanda wa Shira, upande wa magharibi wa Kilimanjaro, uko kwenye mwinuko wa mita 3,500 na ushei. Miti mikubwa imekwisha, vichaka vinafika magotini, na mtu mzima akisimama huwa ndiye mrefu kuliko vyote vilivyomzunguka. Tulikuwa tukiuvuka alasiri wakati wingu lilipotufikia kutoka upande wa msitu, na mara mvua ya mawe ikaanza, punje zikiruka juu ya miamba na kuingia kwenye kola ya koti. Fimbo zangu za kutembelea nilikuwa nimezifunga kwenye begi, ncha zikielekea juu. Nyuma ya sikio langu nikasikia mlio mwembamba wa kuchacharika, kama wa bajia zinapotumbukizwa kwenye mafuta ya moto, na nywele za mkononi zikasimama ndani ya mkono wa koti. Mwongozaji wetu, kijana wa Machame, aligeuka akanitazama, akazitazama zile fimbo, na wala hakupaza sauti: "Mzee, vua begi, liache hapo hapo. Teremka kule kwenye bonde dogo, uchuchumae. Na usisogee kwa mwenzako." Nilikuwa nimekwisha anza kumwendea mke wangu. Akarudia, safari hii kwa ukali kidogo, "Mama yuko salama alipo. Wewe baki peke yako."

Ule mlio ni chaji inayovuja kutoka kwenye ncha za vitu, na mabaharia wa zamani waliuona usiku kama moto wa samawati juu ya mlingoti. Maana yake ni kwamba ardhi uliyosimama juu yake imekwisha jiandaa. Radi ilipiga muda mfupi baadaye, mwanga na mshindo vikaja kwa pamoja, na hakuna aliyeumia.

Nimefikiri sana juu ya yale maneno ya "baki peke yako", kwa sababu yanapingana na kila tulichofundwa. Sisi watu wa visiwani tukiogopa tunakusanyana. Hata dua tunaomba pamoja. Mlimani, kundi lililokusanyana huumizwa lote kwa pigo moja, kama wale kulungu. Walimu wa huduma ya kwanza ya milimani hufundisha kwamba wapandaji waachane kwa mita 15 hadi 30, waonane au wasikiane lakini wasigusane, na vijana niliozungumza nao hudhani kwamba lengo ni kupunguza idadi ya watakaopigwa. Lengo hilo lipo. Lililo kubwa zaidi ni kwamba abaki mtu mzima wa kuwahudumia waliopigwa, kwa sababu katika ajali ya radi hakuna mwokoaji mwingine atakayefika kwa wakati. Mwenzako aliye hatua thelathini nyuma ndiye gari lako la wagonjwa.

Kwa nini hawezi kungojewa mwingine? Radi inapopita mwilini hushtua moyo wote kwa mara moja na kuusimamisha. Moyo wenye afya mara nyingi hujiwasha tena wenyewe, kwa kuwa una mdundo wake wa ndani. Sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi ndiyo inayochelewa kuamka. Hivyo mgonjwa anaweza kuwa na moyo uliokwisha rudi kudunda huku hapumui, na baada ya dakika chache, kwa kukosa hewa safi, moyo ule ule husimama mara ya pili, na safari hii huwa vigumu kuurudisha. Katikati ya hizo dakika kuna nafasi. Mtu anayejua kukandamiza kifua na kupuliza pumzi mdomoni anaweza kumvusha mgonjwa mpaka aanze kupumua mwenyewe. Akisitasita kwa kudhani kwamba mwili uliopigwa na radi una umeme ndani yake, nafasi hupita. Na dhana hiyo haina ukweli wowote, kwa sababu mwili hauhifadhi umeme wa radi, na unaweza kumshika aliyepigwa papo hapo.

Kutokana na hilo, wahudumu wa radi hugeuza kanuni ya maafa ya kawaida. Basi likipinduka na majeruhi wakawa wengi kuliko wahudumu, asiyepumua huachwa, na nguvu hupelekwa kwa wanaougulia. Kwenye radi, anayelia na anayesogea karibu kwa hakika ataishi. Wa kukimbiliwa kwanza ni yule aliyelala kimya anayeonekana amekufa. Kwa jumla, katika kila waathirika kumi wa radi, takriban tisa huokoka, na wengi wa wanaokufa hufa kwa moyo kusimama pale pale. Ndiyo kusema kwamba ndani ya kundi la watu wanane wanaopanda mlima, kama ni mmoja tu anayejua kupuliza pumzi, na mmoja huyo ndiye aliyepigwa, kundi zima halina mwokoaji. Ningependa kila kijana anayenijia kwa habari za viatu atumie kwanza Jumamosi moja kujifunza huduma ya kwanza. Ujuzi huo atautumia hata asipopanda, kwa kuwa bahari yetu nayo huwatoa watu wasiopumua.

Habari ya chuma nayo niitolee neno, maana hapo watu huchanganya. Chuma hakiiti radi kutoka mbali. Kinachoamua radi itue wapi ni urefu wa kitu, upweke wake na kuchongoka kwake. Chuma hufanya kazi nyingine, nayo ni kuupitisha mkondo kwa urahisi na kuupeleka kwa aliyekishika. Tarehe 22 Agosti 2019, asubuhi iliyoanza kwa jua, watu wengi walikuwa wakipanda Giewont, kilele cha mita 1,894 katika milima ya Tatra kusini mwa Poland. Juu yake umesimama msalaba wa chuma wa mita 15 uliojengwa mwaka 1901, na njia ya mwisho imewekewa minyororo ya kushikilia. Dhoruba ikaja ghafla, radi ikapiga kileleni, na umeme ukatembea kwenye mwamba na minyororo iliyokuwa mikononi mwa watu. Siku hiyo katika milima ya Tatra walikufa watu 5, wanne upande wa Poland na mmoja upande wa Slovakia, na zaidi ya 100 walijeruhiwa. Waokoaji wa mlima ule, ambao chama chao kiliundwa mwaka 1909, walijikuta wakihudumia kilele kizima cha watu walioungua, waliovunjika kwa kuanguka na waliopooza miguu, wote kwa wakati mmoja, mahali ambapo wingu jingine lingeweza kufika wakati wowote.

Mashauri ya mahali pa kujikinga yanafuata kanuni ile ile ya ardhi. Pango fupi ni mtego, kwa sababu mkondo unaoshuka kwenye uso wa mwamba huruka uwazi wa mlango wake, na aliyekaa mlangoni huwa daraja. Hema halikingi chochote. Mti ulio peke yake tunaujua hata huku. Kulala chini chali ni kosa, kwa kuwa mwili wote hutandazwa juu ya volti tofauti. Kuchuchumaa miguu ikiwa pamoja, juu ya begi au godoro la sponji, hupunguza njia ya mkondo na si zaidi ya hapo. Idara ya hali ya hewa ya Marekani iliacha kuupendekeza mkao huo kwa sababu watu walikuwa wakiutegemea badala ya kuondoka. Mkao ni wa mtu ambaye hana pengine pa kwenda. Gari lenye bodi ya chuma ni kinga nzuri, na si kwa ajili ya matairi yake ya mpira kama wengi wanavyoamini. Bodi huuzungusha mkondo nje ya abiria mpaka ardhini. Jengo lenye nyaya na mabomba yaliyozikwa ardhini ni kinga pia. Kibanda cha mbao kisicho na waya wa kuteremshia radi ni afadhali kuliko hema, ila usiegemee ukuta wala usikae mlangoni.

Sasa waje waokoaji. Tarehe 21 Julai 2010, wapandaji 17 walinaswa na radi kwenye mlima Grand Teton nchini Marekani, wenye mita zipatazo 4,200. Mmoja alifariki, na askari wa hifadhi waliwatoa wengine 16 kwa helikopta, wakifanya kazi mpaka jioni kati ya dhoruba moja na nyingine. Miaka saba kabla, Julai 2003, askari wa hifadhi hiyo hiyo walikuwa wamewatoa majeruhi wa radi kwenye mwamba wa juu wa mlima ule ule, mmoja wao akiwa ananing'inia kwenye kamba, mbio zao zikiwa dhidi ya giza. Nikisoma habari kama hizo, linaloniingia akilini ni hesabu ya dakika 30. Mpandaji anaambiwa angoje dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho ndipo asimame. Mwokoaji anaambiwa kwamba asiyepumua ana dakika chache. Kanuni mbili hizo haziwezi kufuatwa pamoja, na hakuna mafunzo yanayoweza kuziunganisha. Rubani wa helikopta hawezi kuingia ndani ya wingu la radi. Mkuu wa kikosi lazima aamue kama watu wake waende kwa miguu kwenye ukingo ule ule ambako radi imekwisha piga mtu, kwa kuwa radi hupiga mahali pamoja tena na tena. Mkuu anayesema "tungoje" anaweza kuonekana hana moyo, na kwa maoni yangu mara nyingi ndiye anayeifanya kazi yake sawasawa, kwani kikosi nacho kikipigwa, waliopigwa mwanzo hawana tena mtu.

Kwenye Kilimanjaro uokoaji huanza kwa miguu. Wanaoufanya ni askari wa hifadhi, waongozaji, na wapagazi, ambao wenyewe kwa wenyewe huitana wagumu. Mgonjwa hufungwa kwenye machela ya chuma yenye gurudumu moja chini yake, na wanaume kadhaa huishika pande zote, wakiteremka nayo mbio juu ya mawe mpaka pale gari linapofika. Ukiyafikiria hayo kwa macho ya umeme, unaona wanaume hao wameshika kipande kimoja cha chuma, wamekaribiana bega kwa bega, miguu imepanuka kwa mwendo, kwenye uwanda usio na mti. Kila shauri nililolitaja hapo juu wanalivunja kwa sababu ya mtu mmoja aliyelala katikati yao. Hata siku isiyo na ajali, wagumu hutangulia mbele ya wageni ili wasimamishe mahema, na ni wao wanaokuwa uwandani wakishika nguzo za mahema wakati mawingu ya mchana yanapofika.

Kwa hiyo naona mpandaji ana deni la kulipa kabla hajaondoka lango la hifadhi. Mwongozaji hujua lini pa kugeuka. Kinachomzuia ni mgeni aliyelipa fedha nyingi, aliyewaaga watu wote wa mtaani, anayetaka picha ya kileleni. Usiku wa kwanza kambini, kundi zima likiwa linakula, inafaa mkubwa wa msafara amwambie mwongozaji mbele ya wote: ukisema tushuke, tutashuka, na hakuna atakayekunung'unikia wala kukupunguzia bahashishi. Maneno hayo humpa ruhusa ambayo vinginevyo hana. Inafaa pia kumuuliza mapema, bila haya, ni nani kati ya wasaidizi wake anayejua kupuliza pumzi, na kwenye njia ya kesho ni wapi pasipofaa kusimama wingu likija. Mwongozaji mzuri hafadhaishwi na maswali hayo. Miezi ya Machi hadi Mei, na vuli ya Novemba, ni misimu ya mvua kule kama ilivyo huku, na anayepunguziwa bei ili apande miezi hiyo ajue anachokinunua.

Lipo na la baadaye, ambalo hutokea mtu akiwa amekwisha vuka bahari na kurudi nyumbani. Aliyeguswa na mkondo wa ardhini anaweza kupooza miguu kwa saa chache, ngozi ikiwa baridi na yenye madoa ya rangi ya samawati, kisha akasimama na kutembea, na kundi likashukuru na kuendelea na safari. Anaweza kuwa na michoro myekundu ya matawi mgongoni, ambayo hufutika kwa siku moja au mbili, na ngoma ya sikio iliyopasuka asiyoitambua kwa sababu wote masikio yao yanavuma. Mtu huyo ateremshwe siku hiyo hiyo, na moyo wake upimwe kwa mashine hata kama anacheka. Wiki au miezi baadaye huweza kuja kukosa usingizi, kusahau, maumivu ya mishipa ya fahamu, kichwa kisichotulia na hasira zisizo na sababu. Macho nayo huweza kuingiwa na mtoto wa jicho hata kwa kijana. Daktari wa huku kisiwani akimwona kijana wa miaka ishirini na tano anayelalamikia mambo hayo hatafikiria radi, kwa kuwa hakuna kovu la kumwonyesha, hivyo mgonjwa mwenyewe, au mke wake, au mwenzake aliyekuwa naye, amwambie mapema: alikuwa mlimani, radi ilipiga karibu, alianguka, na miguu ilikufa ganzi mpaka jioni.